Safu ya Mbele

Mwalimu Teresia Atabo alikuwa amechoka tangu mwezi wa pili, na sasa ulikuwa mwezi wa nane. Haukuwa uchovu wa ugonjwa wala wa kukosa usingizi, maana alilala vizuri. Ulikuwa uchovu wa mtu anayefundisha jambo lile lile kila jioni kwa miaka mitatu, akiwafundisha watu ambao wangependelea kufundishwa jambo jingine.

Asubuhi alifundisha uchomeleaji wa vyuma katika chuo cha ufundi kilichoko nje kidogo ya mji wa Isiolo, ukishika barabara ya kwenda Moyale. Ikifika saa kumi jioni alivua koti la karakana, akavaa raba, akaenda kiwanja cha nyuma kufundisha raga. Si raga yote. Kukimbia, kupasiana na kupiga mpira kwa mguu, hayo yalikuwa ya kocha mkuu, Mwalimu Kaimenyi wa idara ya biashara. Teresia alipewa wale wazito, mafowadi, ambao kazi yao ni kuinama na kusukuma.

Aliijua kazi hiyo kwa mwili wake. Alipokuwa Nairobi alicheza mbele miaka sita, minne chuo kikuu na miwili klabuni, na masikio yake mawili yalikuwa yamevimba na kukunjamana kwa kusuguana na mabega ya watu. Wanafunzi wapya waliyakodolea macho wiki ya kwanza, wiki ya pili wakayazoea.

Asiyeujua mchezo huo huona skramu kama vurugu tu. Watu wanane wa upande huu wanashikana na kuinama, wanane wa upande ule vivyo hivyo, kisha wanaingiana kwa kishindo na kusukumana ili mpira upatikane miguuni. Lakini walio mbele kabisa ni watatu kila upande, na hao watatu ndio wanaopokea nguvu ya watu wote kumi na sita kwenye mabega na shingo zao. Kati yao, anayevaa namba tatu ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu kichwa chake hubanwa na watu wawili, kulia na kushoto. Hana pa kukitoa. Mgongo wake ukipinda, ukuta wote unaanguka, na unaanguka juu yake.

Kwa hiyo Teresia hakuwa na haraka. Mwaka wa kwanza alitengeneza mashine ya kusukuma kwa vyuma vya springi za lori vilivyotupwa nyuma ya karakana, akaifunga magunia yaliyojazwa sponji za viti vikuukuu. Miezi minne hakumpa mtu mpira. Aliwafundisha kuweka miguu. Aliwafundisha kushuka kwa nyonga badala ya kiuno, kunyoosha mgongo, kuinua kidevu, kushika jezi ya mwenzako mahali panapostahili. Kila jioni walianza kwa kuokota mawe na miiba ya migunga kiwanjani, kisha wakashuka, wakainuka, wakashuka tena. Walianza watu ishirini na watatu. Muhula wa pili ulipoisha walibaki saba, na wale kumi na sita walioondoka walikwenda kwa Kaimenyi kuomba kuwa mawinga.

Katika hao saba alipata watatu wake. Ekidor, mwanafunzi wa umeme, alivaa namba moja. Ibrae, mfupi na mbishi, alivaa namba mbili. Namba tatu ilikuwa ya Galgalo, kijana mkimya ambaye watu wake walichunga ng'ombe upande wa Kipsing. Galgalo hakuwa mkubwa wa kutisha, na alikuwa mzito wa kushika jambo. Ilimchukua miaka miwili na miezi kadhaa kufika pale Teresia alipotaka. Lakini alipofika, alifika. Mwaka huo walicheza mechi saba za ligi ya vyuo wakashinda sita, na katika hizo sita hakuna skramu hata moja iliyowarudisha nyuma.

Waliosifiwa ni wengine. Diba, winga mwenye mbio, alifunga karibu kila mechi, na wanafunzi waliimba jina lake mpaka lango la chuo. Diba alikuwa kijana mzuri asiye na maringo. Teresia hakumwonea kijicho, ila wakati mwingine, akimtazama anavyopokea mpira mahali penye nafasi kubwa namna ile, alijiuliza kama kuna mtu mwingine kiwanjani aliyejua nafasi hiyo ilitengenezwa na nani.

Mwezi wa saba Kaimenyi alimletea mtu mpya. Aliitwa Abduba, mwanafunzi wa ufundi bomba aliyejiunga na chuo mwezi wa tano, kijana wa mtaa wa Bulla Pesa aliyewahi kufanya kazi ya kupakia magunia kwenye malori. Alikuwa na kilo mia moja na ishirini na mikono kama miguu ya watu wengine.

“Madam, nimekuletea ukuta,” Kaimenyi alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

Abduba akawekwa kwenye mashine, watu wanne wakapanda juu yake kuongeza uzito, na aliposukuma, mashine ilisogea hatua tatu nzima. Wote walipiga makofi isipokuwa Teresia. Yeye alikuwa ameona mgongo uliopinda kama upinde na kidevu kilichozama kifuani. Nguvu yote ile ilikuwa inapita kwenye shingo. Alimwambia Abduba arudie, safari hii bila kusukuma, ashuke tu na kukaa hapo. Abduba alicheka kidogo akidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha.

Kwa wiki tano Teresia alimshughulikia. Kijana alikuwa na bidii na adabu, hakukosa siku hata moja. Lakini kila alipochoka, au kila alipotaka kumwonyesha mtu kwamba anaweza, kidevu kilirudi kifuani. Teresia hakushangaa. Wiki tano si kitu.

Siku tatu kabla ya mechi ya mwisho, ile ambayo ingeamua bingwa, Galgalo alikuja karakana saa nne asubuhi. Alisimama mlangoni mpaka Teresia akainua kinyago chake cha kuchomelea.

Kaka yake alikuwa amepiga simu. Kule Kipsing kulikuwa na mvutano juu ya kisima, watu wa pande mbili walikuwa wamekaa na kukubaliana kwamba familia yao ihamishe ng'ombe kabla ya Jumamosi, na baba yao alikuwa na mguu mbaya. Alihitajika mtu wa kuswaga mifugo. Galgalo aliyasema yote hayo akiwa ameangalia sakafu.

Teresia alikuwa na maneno mengi tumboni. Miaka miwili na miezi kadhaa ilikuwa imesimama pale mlangoni, na ilikuwa inaaga. Lakini aliijua sauti ya mtu asiye na hiari.

“Utarudi lini?” akauliza.

“Sijui, mwalimu. Labda mvua ikinyesha.”

Akamwambia aende salama, awasalimu nyumbani. Kisha akashusha kinyago na kuendelea na kazi, na wanafunzi wake wakaona ameunguza chuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yao.

Nafasi ya Galgalo ilichukuliwa na Esekon, aliyekuwa amefundishwa mwaka mmoja na nusu na aliyeweza kusimama vizuri mahali pake. Kaimenyi alitaka Abduba awe akiba yake. Teresia alikubali awe kwenye orodha, ila akamwandika kama mchezaji wa nyuma ya skramu, si wa mbele. Kaimenyi alisoma orodha, akaguna, akaiweka mfukoni.

Jumamosi wageni walifika kutoka upande wa Laikipia kwa basi la chuo chao. Upepo wa mwezi wa nane ulikuwa unavuma tangu asubuhi, na vumbi lilipanda na kukaa kwenye meno. Mkuu wa chuo aliketi chini ya hema na wageni wake, na wanafunzi walipanga mistari kuzunguka kiwanja kizima.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha mafowadi, ingawa waliotazama hawakukijua hivyo. Mara tatu skramu ya Isiolo iliwarudisha wageni nyuma mpaka refa akapuliza penalti, na mara mbili penalti hizo zikawa pointi. Mara ya nne mpira ulitoka safi, ukapita mikononi mwa watu watatu, ukamfikia Diba akiwa peke yake, naye akaenda kuulaza kwenye mstari, na mkwaju ukapita kati ya nguzo. Wageni nao walifunga mara moja. Walipokwenda mapumzikoni ilikuwa kumi na tatu kwa saba. Teresia aliwapa watu wake maji, akawaambia jambo moja tu, kwamba namba moja wa wageni ameanza kuchoka na anajitupa pembeni, wasimfuate.

Dakika ya ishirini ya kipindi cha pili, Esekon alimkaba mtu vibaya wakaanguka pamoja. Mwenzake aliinuka. Esekon alikaa chini akiushikilia mkono wake wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Bega lilikuwa limechomoka.

Alipotolewa, refa alitembea hadi pembeni ya kiwanja. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na alikuja moja kwa moja kwa Teresia kwa sababu jina lake ndilo lililoandikwa kama mkufunzi wa mafowadi. Sheria ilikuwa wazi. Mtu haruhusiwi kuingia safu ya mbele kama hajafundishwa kucheza hapo, na anayejua kama amefundishwa ni mwalimu wake. Kama hayupo wa namna hiyo, skramu zitakuwa za kugusana tu bila kusukumana, na timu iliyosababisha itacheza na watu kumi na wanne.

“Una mtu wa mbele?” refa akauliza.

Abduba alikuwa amekwisha kuvua suruali ya mazoezi. Alisimama nyuma ya Kaimenyi akirukaruka polepole ili kupasha misuli moto.

Kaimenyi alimkaribia Teresia, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba. “Dakika ishirini tu, madam. Ni skramu nne, labda tano. Sema ndiyo.”

Teresia alimtazama Abduba. Kijana alimwitikia kwa kichwa, akimhakikishia. Ng'ambo, namba moja wa wageni, ambaye ndiye angeingiana na Abduba, alikuwa ameinama ameshika magoti, anavuta pumzi. Alikuwa amecheza miaka mingi, ilionekana, na alikuwa na hasira ya mtu aliyesukumwa mchana kutwa.

“Hapana,” Teresia akamwambia refa. “Sina. Huyu bado hajafundishwa.”

Refa akaitikia, akaandika, akarudi kati. Kaimenyi alibaki amesimama pale pale. Abduba aliacha kurukaruka.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Mafowadi wa wageni, ambao tangu mwanzo walikuwa wamerudishwa nyuma na kuminywa, sasa waliinama, wakagusana na wenzao, wakainuka wakiwa na nguvu zao zote. Mpira wao ulitoka bila taabu. Waliona upande wenye mtu pungufu wakaupeleka huko, mara ya kwanza wakafunga kati ya nguzo, mara ya pili kwenye kona. Ilipopulizwa filimbi ya mwisho ilikuwa kumi na tisa kwa kumi na tatu.

Hakuna aliyepiga kelele. Kaimenyi alizunguka kiwanja akiokota koni zake za kuwekea alama moja moja. Mkuu wa chuo aliwapongeza wageni, akapita karibu na Teresia bila kumpa mkono. Katika kundi la wanafunzi mtu alisema madam ametuuza, na mwingine akamwambia anyamaze, lakini si kwa nguvu sana. Abduba alitoka langoni akiwa amevaa jezi ambayo hakuichezea. Teresia alimwona akienda, ila alikuwa na Esekon wa kumpeleka hospitali, na bega la Esekon lilirudishwa mahali pake saa moja jioni baada ya kungoja foleni ndefu. Teresia alifika nyumbani kwake, akaketi kitandani na raba zake miguuni, na hakukumbuka ni saa ngapi alizivua.

Jumatatu aliitwa ofisini. Mkuu wa chuo hakuwa mtu mkali. Alimpa kiti, akamwomba aeleze, naye akaeleza habari ya mgongo na kidevu na shingo kama alivyoweza. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila ubaya, kwamba anaelewa tahadhari, ila tatizo ni kwamba yeye anatakiwa kuwaeleza watu kwa nini kombe limepotea, na anapotafuta sababu haioni. Ukiacha ile ajali ya bega, ambayo si ya skramu, hakuna mtu aliyeumia.

“Ndiyo,” Teresia alisema. “Hakuna aliyeumia.”

Alisubiri kidogo aone kama maneno hayo yatafika. Hayakufika. Waliafikiana, au mkuu aliafiki na Teresia akanyamaza, kwamba mazoezi ya mafowadi yapunguzwe yawe siku mbili kwa wiki, na kwamba kuanzia sasa Kaimenyi ndiye atakayeamua nani anacheza wapi.

Alipotoka aliketi karakana peke yake akahesabu alichobakiwa nacho. Ekidor na Ibrae walikuwa wanamaliza masomo mwezi wa kumi na moja. Galgalo alikuwa ametuma ujumbe kwamba muhula huu hatarudi, ng'ombe wamesogezwa mbali na baba hajapona. Esekon asingecheza mpaka mwaka ujao, kama angecheza. Miaka mitatu ya kushuka na kuinuka ilikuwa imetawanyika katika muda usiofika wiki moja. Ili apate watatu wengine wa kusimama mahali pale, ilimbidi aanze upya na watu wasiojua hata kuweka mguu, aondoe mawe kiwanjani, awaone kumi na sita kati ya ishirini na watatu wakiondoka. Alichukua karatasi akaandika barua fupi ya kuomba apumzishwe kazi ya timu. Hakulalamika ndani yake. Aliiweka kwenye mkoba ili aipeleke Ijumaa.

Alhamisi asubuhi mwanamke mmoja alikuja karakana. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, amejifunga shuka la kijani, na harufu nyepesi ya moshi wa vibuyu vya maziwa ilitoka kwenye nguo zake. Wanafunzi walimpisha.

“Salaam aleikum. Wewe ndiye mwalimu wa Abduba?”

“Aleikum salaam, mama. Ni mimi.”

Aliitwa Umulkheir, na aliuza maziwa ya ngamia sokoni mjini. Abduba alikuwa mwanawe wa pili. Teresia aliwaacha wanafunzi na kazi yao, akamwongoza mpaka kwenye benchi lililokuwa kivulini nyuma ya ukuta. Alijiweka tayari kutukanwa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba aliona hata kutukanwa kungekuwa afadhali, angalau mtu angekuwa amesema.

Umulkheir alikaa, akajipanga nguo. Alisema kwanza kwamba hakuja kugombana. Kijana wake alikuwa amekaa nyumbani tangu Jumamosi, hali chakula vizuri, darasani haendi. Anasema mwalimu alimwaibisha mbele ya chuo chote. Anasema alikuwa ameambiwa ni ukuta, na siku ya siku akaambiwa si kitu. Yeye mama yake hajui mpira huo hata kidogo, anaona watu wanashikana tu. Kwa hiyo ameamua aje aulize mwenye kujua.

“Mwalimu, kama ungesema ndiyo, ingekuwaje?”

“Pengine tungeshinda,” Teresia alisema.

“Na yeye?”

Teresia alianza kuonyesha kwa mikono, ngumi moja ikiingia kwenye kiganja, kisha akaacha. Aliona haifai. Akaangalia ukuta wa ng'ambo, akasimulia jambo ambalo hapo Isiolo hakuwahi kumsimulia mtu, wala Kaimenyi, wala mkuu wa chuo ofisini ambako lingeweza kumsaidia.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, klabuni Nairobi. Timu waliyocheza nayo ilipungukiwa na mtu wa mbele, wakamwingiza msichana mmoja mwenye nguvu, aliyekuwa amejifunza mchezo miezi miwili. Mwalimu wao aliulizwa kama msichana huyo yuko tayari, akasema yuko tayari. Walipoingiana, msichana aliinamisha kichwa. Mgongo ukapinda, watu kumi na sita wakaja juu yake. Hakupiga kelele. Walipoachana, wengine wote waliinuka.

“Yuko hai,” Teresia alisema. “Mikono yake haifanyi kazi. Miguu pia.”

Umulkheir alimgeukia. “Na wewe ulikuwa wapi?”

“Mimi nilikuwa mbele yake. Mimi ndiye niliyekuwa namsukuma.”

Ndani ya karakana mashine ya kusagia ilipiga kelele, ikanyamaza. Umulkheir aliuliza msichana huyo aliitwa nani, na Teresia akamtajia. Hakuwa amelitaja jina hilo kwa sauti miaka mingi, na lilitoka kirahisi kuliko alivyodhani.

“Sawa,” Umulkheir alisema mwishowe. “Sasa niambie kitu kingine. Ulimkataa kijana wangu kwa sababu hawezi, au kwa sababu bado?”

“Bado.”

“Bado ni muda gani?”

“Mwaka mmoja na nusu. Labda miwili. Akifuata ninachomwambia.”

“Na wewe utakuwepo?”

Teresia aligeuka akaangalia upande wa mlango. Mkoba wake ulikuwa pale karakana, juu ya meza, na barua ndani yake. Angeweza kusema ndiyo ili mama wa watu aende zake kwa amani.

Umulkheir alimsoma uso. “Huyu ameacha shule mara mbili, mwalimu. Hii ni ya tatu. Kila mara mtu anamwanzisha jambo, halafu mtu huyo haonekani. Kama unaondoka, usifiche. Mwite umwambie aache mpira sasa, arudi kwa bomba zake amalize kozi. Hilo nitamsaidia. Lakini usimwache katikati.”

“Nitakuwepo mpaka Desemba,” Teresia alisema. “Baada ya Desemba sijui. Nimechoka, mama.”

Alishangaa kujisikia akilisema hilo. Umulkheir hakushangaa. Alimtazama kama mtu anayetazama mnyama aliyetembea mbali, apime kama atafika.

“Desemba ni karibu,” alisema.

“Ni karibu, ndiyo.”

“Basi nitamwambia Desemba. Nitamwambia ukweli wote, na ya yule msichana. Akitaka atakuja.”

Akainuka, akajitengeneza shuka, akamshika Teresia mkono kwa mikono yake miwili, akaenda.

Siku hiyo hiyo jioni Teresia aliitoa barua akaiandika upya. Maneno yalikuwa yale yale isipokuwa tarehe. Aliomba apumzishwe kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi na mbili. Ijumaa aliipeleka, na Jumatatu akapata jibu la mistari miwili lililosema ombi limekubaliwa. Hakuna aliyemwomba abadili nia. Kaimenyi alikutana naye karibu na jikoni, akakohoa, akasema amesikia. Kisha akasema kwamba usiku mmoja alikuwa amejisomea sheria yenyewe, yote, mpaka mwisho. Hakusema aliona nini humo. Alimwambia tu kwamba siku za mafowadi zitakuwa nne, si mbili, yeye atazungumza na mkuu.

Abduba hakuja Jumanne ya kwanza. Alikuja ya pili. Alikuta wenzake watano wameinama wanaokota mawe, naye akainama akaokota bila kumsalimu mtu. Walipomaliza Teresia alimweka kati ya Ekidor na Ibrae, akamwambia leo hakuna mashine na hakuna kusukuma. Atashuka, atakaa chini mpaka aambiwe, atainuka.

Alishuka. Ekidor, ambaye alikuwa amebakiza miezi michache tu chuoni, alimsogeza mguu wa kulia nusu hatua kwa ncha ya kiatu chake. Ibrae alimwambia asishike jezi kwa vidole, ashike kwa mkono mzima. Teresia alizunguka nyuma akaweka kiganja mgongoni pa kijana, akakuta umepinda, akakaa kimya mpaka ukanyooka wenyewe.

Nusu saa ilipopita mapaja ya Abduba yalikuwa yanatetemeka na jasho lilikuwa limechora mistari kwenye vumbi la uso wake. Aliinuka bila kuambiwa.

“Kocha Kaimenyi alisema tungeshinda,” alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

“Pengine mngeshinda.”

“Na mama ameniambia yale mengine.”

“Najua.”

Alingoja, pengine alitaka mwalimu aseme zaidi, amwombe radhi au amsifu. Teresia hakuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo mawili, na hata angekuwa nayo asingejua lipi ni la kweli. Upepo uligeuka, ukawatupia vumbi wote saba, wakafumba macho mpaka likapita.

“Kidevu juu,” akamwambia. “Shuka.”

Abduba akashuka. Mgongo ulikaa sawa muda wa kuhesabu mpaka kumi na moja, kisha ukaanza kuzama, na Teresia akamwambia ainuke, apumzike, aanze tena.